Kamera ya Sh645,000 mtaani: Ni ya kazi au ni ya sifa?

JUMAPILI alasiri mitaa ya Eastlands hugeuka studio moja kubwa. Umoja, vijana wamepanda juu ya paa la ghorofa na wanapiga picha katikati ya nguo zilizoanikwa. Buruburu, nganya ya laini ya 58 imeoshwa ikang'aa, na makanga anataka ipigwe picha kabla vumbi halijarudi. Kayole, chumba kilichokuwa kinyozi sasa kina bango mlangoni: pasipoti, gradu, ruracio, picha za mimba.

Miongoni mwa wanaoshika kamera hizo, mjadala umehama. Zamani ulikuwa Canon ama Nikon. Halafu Sony akaingia. Siku hizi kuna jina jingine linalotajwa kwa sauti ya heshima, jinsi mtu anavyotaja ploti aliyoiona Kamulu: midiamu fomati. Yaani Fujifilm GFX. Yaani Hasselblad.

Wanaosifu kamera hizi hawadanganyi. Picha zake ni tamu. Swali ambalo kijana wa mtaa anafaa kujiuliza ni lingine: utamu huo mteja wako atauona, na atauongezea pesa? Hapa kuna mtaji wa biashara nzima. Fujifilm GFX100S II, ambayo ni kati ya zile za bei nafuu kwenye kundi hili, ilizinduliwa mwaka wa 2024 kwa dola 4,999. Kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh645,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 pekee unafika Sh748,000, kabla ya usafiri na ada nyingine, na bado hujanunua lenzi.

Kumbuka mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund unaanzia Sh500 na kukomea Sh50,000. Ungehitaji mikopo 13 ya kiwango cha juu kabisa kufikia ile bei ya dukani Marekani. Ndiyo maana tunaipima kamera hii polepole, studioni na nje, kabla mtu hajaweka logibuku ya pikipiki rehani.

Ukubwa wa kihisi

Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Kamera nyingi za kuanzia zina kihisi cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Kamera za fulu fremu, ambazo ndizo ndoto ya wengi mtaani, zina milimita 36 kwa 24. Fujifilm GFX na Hasselblad za mfululizo wa X zina takriban milimita 44 kwa 33. Juu yake zipo Phase One za megapikseli 150, zenye kihisi cha takriban milimita 53 kwa 40, lakini hizo bei yake ni ya gari, kwa hivyo tuziache zipite.

Sasa chukua kikokotoo. Kihisi cha GFX kina eneo kubwa kuliko fulu fremu mara 1.67 hivi. Kihisi cha fulu fremu ni kikubwa kuliko kile kidogo cha kuanzia mara 2.4 hivi. Umeona? Anayetoka kamera ya kuanzia kwenda fulu fremu anaruka hatua kubwa kuliko anayetoka fulu fremu kwenda midiamu fomati. Na hiyo hatua ya kwanza unaweza kuipata kwa kamera ya mtumba iliyotunzwa vizuri.

Ile mara 1.67 ina maana gani kwa mwanga? Chini ya hatua moja kamili. Ukumbi wa kanisa wenye taa hafifu hautageuka mchana kwa sababu umebeba Hasselblad.

Kuhusu ule ukungu mtamu wa nyuma ya mtu, sikiza vizuri. Lenzi ya GF 110mm f/2, ambayo wapiga picha wa sura huipenda sana, kwenye GFX inatoa picha inayolingana na ya takriban 87mm f/1.6 kwenye fulu fremu. Lenzi ya kawaida ya 85mm f/1.4 kwenye fulu fremu inafuta mandhari ya nyuma kidogo zaidi ya hiyo. Kama sababu yako ya kutamani midiamu fomati ni "ile blur", tafadhali rudisha pochi mfukoni. Lenzi moja nzuri ingekutosha.

Studioni ndiko inakong'aa

Hata hivyo, kamera hizi zina kwao, na kwao ni studioni. Hapo mwanga unaupanga wewe, mtu ameketi, na hakuna anayekimbia.

Fikiria jozi ambayo kila mpiga harusi anaijua: bwana harusi mweusi tii ndani ya suti nyeusi, kando yake bibi harusi wa gauni jeupe pe. Kamera dhaifu itachagua mmoja. Ikiokoa gauni, uso wa bwana unazama kizani. Ikiokoa uso, lasi ya gauni inageuka karatasi. Kihisi kikubwa kinabeba zote mbili kwa nafasi zaidi. Faili ghafi ya biti 14 ina viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi; ya biti 16, ambayo GFX100S II na Hasselblad X2D hutoa, ina 65,536. Jicho halihesabu viwango hivyo vyote, lakini unapoanza kuinua kivuli shavuni au kulainisha mng'ao wa kipaji cha uso kwenye kompyuta, rangi hazikatiki vipande.

Kwetu jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeusi ikabaki mgeni kwenye filamu ya rangi. Mpiga picha wa leo ana bahati: kihisi cha kisasa, hata cha bei ya kawaida, kinaweza kuonyesha ngozi ya kahawia iliyoiva na nyeusi ya samawati bila kuzichanganya, mradi yeye mwenyewe asinyime sura mwanga. Midiamu fomati inakupa uhuru zaidi wa kusahihisha. Haimfundishi mtu kuweka taa.

Na hapo ndipo penye mtihani. Studio nyingi za Eastlands ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Chukua kamera ya megapikseli 24 na taa mbili zilizowekwa vizuri, kisha chukua GFX na taa moja ya dari. Picha ya kwanza itashinda kila siku ya juma. Kama huna flashi mbili za studio, softiboksi kubwa, rifleta na pazia lisilo na mikunjo, midiamu fomati bado si zamu yako.

Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alilijua hili kabla hatujazaliwa. Katika miaka ya 1960 vijana walifika studioni kwake na suti zao, redio zao na pikipiki zao, naye akawapiga kwa kamera ya filamu ya mraba ya sentimita 6 kwa 6, ambayo ndiyo midiamu fomati ya zama zile. Lakini usiku, alipofuata vijana hao kwenye dansi, alibeba kamera ndogo ya milimita 35 na flashi. Mtu mmoja, mji mmoja, kamera mbili kwa kazi mbili. Mwaka wa 2003 alipewa Tuzo ya Hasselblad, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za upigaji picha duniani, na zile picha za dansi alizopiga kwa kamera ndogo zimo kati ya zilizompa jina.

Nje, jua la Nairobi halina huruma

Toka nje saa sita mchana. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta na takriban mita 1,800 juu ya bahari. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri linasimama karibu utosini. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inatupa kivuli mdomoni. Dawa ni flashi ya kujaza vivuli, na hapa kamera hizi mbili zinaachana kabisa.

Flashi humulika kwa muda mfupi mno. Ili imulike picha nzima, shata lazima iwe wazi yote kwa wakati mmoja. Fujifilm GFX zinazobadilishwa lenzi zina shata mbele ya kihisi, na kihisi ni kikubwa, kwa hivyo mwendo wa juu kabisa wa kuelewana na flashi ni 1/125 ya sekunde. Kamera nyingi za fulu fremu hufika 1/200 au 1/250. Hasselblad X zina shata ndani ya lenzi yenyewe, inayofunguka na kufunga kama jicho, na lenzi hizo huelewana na flashi hata kwenye 1/2000.

Namba hizo zinageuka pesa hivi. Kwenye jua wazi, kanuni ya wazee wa filamu inasema: ISO 100, tundu la lenzi f/16, shata 1/100. Ukiwa na GFX kwenye ISO 80 na shata 1/125, utalazimika kufunga tundu hadi karibu f/13. Kwaheri ukungu wa nyuma. Tangi la maji na waya za stima zote zitaonekana wazi kama mwanamitindo. Na flashi lazima iwe na nguvu za kushindana na jua kupitia tundu hilo dogo. Ukiwa na Hasselblad kwenye ISO 64, unaweka 1/1000 na f/4, na nguvu za flashi unazohitaji ni moja ya nane. Kazi ya flashi ya jouli 600 inafanywa na ya jouli 75, ambayo unaibeba mgongoni ndani ya mathree.

Kwa hivyo kwa picha za mchana zenye flashi, fulu fremu ya 1/250 unayoidharau inaishinda GFX ya laki sita na ushee. Mwenye GFX ana njia za kukwepa: kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, flashi yenye mfumo wa kumulika mfululizo kwa kasi, kivuli cha ukuta, ama kungoja saa kumi na moja jioni jua lipoe. Vilevile kuna GFX100RF ya 2025, yenye shata ndani ya lenzi na kichujio cha mwanga ndani yake, lakini lenzi yake ni moja isiyotoka, pana, si ya sura za karibu.

Kisha kuna mwendo. Nganya ikikata kona, watoto wakicheza mpira wa karatasi, mchezaji densi akiruka: hizi si kazi za kamera inayofikiri polepole. Hasselblad X2D ya 2022 hupiga picha 3.3 kwa sekunde na haifuati kitu kinachosonga. Toleo la pili la mwaka wa 2025 ndilo lililoongezewa uwezo huo wa kufuata. GFX100S II hufika picha 7 kwa sekunde, ila ukitumia shata ya kielektroniki ya kimya, kihisi kinasomwa polepole kiasi kwamba matatu inayopita inaweza kutoka imepinda kama ndizi. Zile GFX za zamani za megapikseli 51, yaani 50S na 50R, ambazo ndizo utakazozipata za mtumba, huchelewa zaidi kushika fokasi.

Na video? Mteja wa leo anataka picha na rili ya TikTok hapo hapo. GFX100S II inarekodi video za 4K. Hasselblad X2D hairekodi video hata sekunde moja.

Usikate tamaa kwamba kamera nzito haifai nje. Mwingereza Nick Brandt alipiga picha zake za mwanzo za wanyama wa Amboseli kwa Pentax 67 ya filamu, kamera kubwa kama tofali, bila lenzi ndefu. Alisogea, akangoja. Kamera za leo ni nyepesi kuliko ile: X2D ina gramu 895 na GFX100S II gramu 883 bila lenzi. Ila kungoja ni saa, na mteja wa mtaa hulipia saa chache.

Picha inaishia wapi?

Kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, uliza picha itaonekana wapi.

Instagram huonyesha picha ya wima ya pikseli 1,080 kwa 1,350. Hiyo ni chini ya megapikseli moja na nusu. Ukipakia picha ya megapikseli 102, zaidi ya asilimia 98 ya ulichonunua inatupwa mlangoni.

Karatasi ya A4 iliyochapishwa safi, nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 8.7. A3 inahitaji 17.4. Kwa hivyo ile Canon ama Sony ya megapikseli 24 inatoa albamu ya harusi na picha ya A3 ya ukutani bila jasho. A2 inahitaji takriban 35, na A1 takriban 70. Ni hapo, kwenye A1 inayotazamwa kutoka umbali wa pua, ndipo kamera ya megapikseli 102 inapoanza kudai heshima yake.

"Lakini mimi nataka kazi za mabango ya Outer Ring," utasema. Haya. Tuseme bango lina upana wa mita 12. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa upana. Kila pikseli inakuwa milimita 2. Dereva yuko umbali wa mita 30, na kwa umbali huo jicho zima la binadamu hutofautisha vitu vya takriban milimita 9. Haoni pikseli zako. Bango halihitaji midiamu fomati. Anayeihitaji ni meneja wa kampuni ya matangazo anayetaka kukata kipande cha picha hiyo hiyo kwa jarida, kingine kwa mlango wa lifti, kingine kwa pakiti ya bidhaa. Hapo nafasi ya kukata ina thamani, na yeye huilipia.

Kazi nyingine zinazofaidi ni hizi: picha ya ukoo mzima au kwaya ya watu 60 ambapo kila uso lazima usomeke, vitambaa vya wauzaji wa Eastleigh, ambapo mnunuzi anataka kuona uzi, vito na saa, nakala za michoro ya wasanii, na picha za maonyesho. Thandiwe Muriu, mpiga picha wa Nairobi, amejulikana duniani kwa mfululizo wake wa Camo: wanawake waliovaa kitambaa kile kile kilichoko nyuma yao, na miwani iliyobuniwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Picha za aina hiyo mtazamaji huzisogelea ukutani kutafuta mwili unaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Kama kazi yako inaelekea huko, mjadala wa kamera ni halali.

Gharama zinazojificha

Megapikseli 102 za biti 16 ni takriban megabaiti 200 kwa faili ghafi moja isiyobanwa. Piga 500 kwenye harusi, umejaza gigabaiti 100. Weka nakala ya pili, kwa sababu mtu mwenye akili haweki harusi ya mtu kwenye diski moja, ni gigabaiti 200 kwa Jumamosi moja. Hasselblad X2D imekuja na diski ya terabaiti 1 ndani yake, na hata hiyo si mingi.

Mteja akitaka faili ghafi 100, hiyo ni gigabaiti 20. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kwenda juu, utangoja takriban saa nne na nusu, ikiwa stima haitapotea. Kompyuta yako ya eksi-UK ambayo tayari inahema na picha za megapikseli 24 itakuomba ruhusa ya kustaafu.

Lenzi nazo ni kijiji kingine. GF 80mm f/1.7 ilizinduliwa kwa dola 2,299, karibu Sh297,000. Kamera na lenzi moja: Sh942,000 kabla ya kodi.

Halafu usalama na bima. Mtu anayebeba karibu milioni moja kwenye boda saa mbili usiku anajua moyo wake unavyodunda kila pikipiki nyingine ikipunguza mwendo nyuma yake. Uliza bei ya bima ya vifaa kabla ya bei ya kamera. Kama bima huiwezi, kamera pia huiwezi.

Na bei hushuka bila kukuaga. GFX100 ilizinduliwa mwaka wa 2019 kwa dola 9,999. Mwaka wa 2024, GFX100S II yenye megapikseli zile zile 102, na nyepesi zaidi, ikaja kwa dola 4,999. Miaka mitano, nusu bei. Ungekopa ile ya kwanza kwa miaka mitano, ungekuwa unalipa rejesho la mwisho huku jirani akinunua mpya kwa nusu ya jasho lako.

Ijaribu kabla hujaiamini

Njia ya kujua ni kukodi kwa siku moja, ukiwa na kamera yako ya kawaida kando. Mwenye kamera atataka kitambulisho na amana, pengine pia mtu wa kukudhamini, kwa hivyo jipange mapema.

Asubuhi, studioni. Mwanamitindo mmoja mwenye ngozi nyeusi, shati jeupe, koti jeusi. Taa zisiguswe. Piga kwa kamera zote mbili, kisha makusudi punguza mwanga hatua mbili na upige tena. Kwenye kompyuta inua zile za giza. Tazama shavu na mkunjo wa koti: kuna chembechembe, kuna madoa ya rangi, ama kumetulia? Kama koti ni la nyuzi za karibu karibu, angalia pia kama kuna mistari ya rangi isiyokuwepo.

Adhuhuri, panda paa. Mtu huyo huyo, flashi yako mwenyewe, lengo moja: sura ing'ae, nyuma kuwe na ukungu. Andika umetumia tundu gani na betri ya flashi imekufa baada ya picha ngapi.

Jioni, nenda steji. Piga nganya zikiingia. Kati ya picha 50, hesabu ngapi zimeshika fokasi.

Sehemu ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Chagua picha mbili bora za studio, moja kutoka kila kamera. Zichapishe A3, na tena A1 ukiweza. Usiandike ipi ni ipi. Mwonyeshe mteja anayekulipa. Usimwonyeshe mpiga picha mwenzako, huyo atanusa pikseli. Uliza: utachukua ipi, na kwa ile nyingine ungeongeza pesa ngapi? Jibu hilo ndilo bei halisi ya kamera kwako.

Kisha piga hesabu ya nyongeza tu. Tuseme kwa sababu ya kamera hiyo kila mteja anaongeza Sh5,000 juu ya anachokulipa sasa. Sh942,000 ukigawa kwa Sh5,000 ni vikao 189 kabla hujaona faida ya shilingi moja. Na tuseme kukodi ni Sh15,000 kwa siku. Kwa pesa zile za kununua ungekodi siku 62, bila diski, bila bima ya mwaka, bila kulala na kamera chini ya mto. Weka bei utakazopewa wewe, kanuni ni ile ile: kama kazi zinazoihitaji kweli hazifiki idadi hiyo katika miaka michache ijayo, kodi, na gharama ya kukodi iandike wazi kwenye ankara ya mteja.

Anayestahili kununua ni yule ambaye tayari anaikodi mara kwa mara, na wateja wake ndio wanaolipia. Wengine wote, mfuatano ni huu: taa, lenzi nzuri, fulu fremu ya mtumba, diski mbili, kisha tuongee.

Kuna kazi moja ya Eastlands, hata hivyo, ambayo inalilia kamera hizi sasa hivi, na mteja wake bado hajazaliwa. Mitaa ya zamani ya kaunti, kama Bahati, Maringo, Jericho na Lumumba, imo kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa upya kuwa maghorofa. Kaloleni, yenye nyumba za miaka ya 1940 zilizozunguka ukumbi wa jamii, ina kuta, milango na miti ambayo wajukuu watasimuliwa tu. Nyumba hazikimbii, hazihitaji flashi, na jua la asubuhi halina malipo. Picha moja ya megapikseli 102 kutoka kwenye stendi inaweza kushika safu nzima ya nyumba pamoja na nambari ya kila mlango na jina lililokwaruzwa ukutani mwaka gani sijui.

Mbogi ya watu watano ikichanga, inapata kamera ya siku nzima. Bisheni hodi, ombeni ruhusa kwa wenye nyumba, pigeni moja moja bila haraka, na muweke nakala mahali pawili. Tingatinga likifika, hakuna kamera ya bei yoyote itakayoweza kuipiga picha hiyo.